Kutoka rejesta hadi uamuzi: mwongozo wa kutumia takwimu kwa wasimamizi wa huduma mkoani Tanga

Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati, shule, ofisi za kata na vyama vya ushirika vya Mkoa wa Tanga, kuna mtu anayejumlisha. Anafungua rejesta, anahesabu mistari, anajaza fomu, kisha taarifa inapanda: kutoka kituoni kwenda halmashauri, kutoka halmashauri kwenda mkoani, na kutoka mkoani kwenda wizarani. Mara nyingi takwimu zipo. Zinachokosa ni safari ya kurudi. Mganga mfawidhi aliyetuma taarifa huenda asiitazame tena mpaka mkaguzi aje, na mtendaji wa kata aliyewasilisha idadi ya kaya huenda asiambiwe kamwe idadi hiyo ilibadilisha nini.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kiongozi wa ngazi hiyo, awe mkuu wa idara, mtendaji wa kata, mfawidhi wa kituo, mwalimu mkuu au meneja wa chama cha ushirika, ambaye hana kitengo cha wachambuzi wala fedha za kununua mfumo mpya, lakini ana rejesta, ana kikao cha kila mwezi na ana mamlaka ya kubadilisha mambo machache. Mifano mingi imetoka katika afya na maji kwa sababu kumbukumbu za huko ni za muda mrefu, ila hatua zenyewe zinafaa pia kwa uzoaji taka, masoko, shule na mikopo ya vikundi.

Hatua ya kwanza: andika uamuzi kabla ya kutafuta takwimu

Ofisi nyingi huanza kwa kuuliza zina takwimu gani, na matokeo yake ni taarifa ya kurasa arobaini ambayo haimlazimishi mtu yeyote kufanya lolote. Anza upande wa pili. Tafuta uamuzi ulio ndani ya uwezo wako, wenye tarehe ya mwisho na wenye angalau njia mbili za kuchagua. "Kuboresha huduma za afya" si uamuzi. "Kuanzia Julai, mhudumu wa pili apangwe chumba cha mganga au dirisha la dawa?" ni uamuzi, kwa kuwa upo mtu atakayeutekeleza na siku ya kuanza inajulikana. Andika sentensi hiyo juu ya karatasi, na chini yake uandike: takwimu zikionyesha hivi, nitafanya hivi, zikionyesha vile, nitafanya vile. Ukigundua kwamba ungefanya jambo lile lile kwa vyovyote vile, basi lifanye, na uwaachie watumishi muda wao.

Mfano wenye nguvu zaidi wa jambo hili umetoka hapa hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, iliendesha mradi katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini ili kujibu swali moja: fedha za afya za wilaya ziwekwe wapi? Timu za wilaya zilipewa michoro miwili ya kawaida kabisa. Wa kwanza ulionyesha ni magonjwa gani yanayochukua maisha ya watu, kwa takwimu zilizokusanywa kaya kwa kaya. Wa pili ulionyesha bajeti inakwenda kwenye magonjwa gani. Michoro ilipowekwa pamoja tofauti ilijitokeza yenyewe. Kwa Morogoro, malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya mzigo wa maradhi na ilikuwa ikipata takribani asilimia 5 ya bajeti. Timu zilihamisha fedha, zikaimarisha usimamizi wa vituo na matibabu ya watoto, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 vifo vya watoto wadogo katika wilaya hizo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Ni haki kusema kwamba si michoro peke yake iliyofanya kazi hiyo. Kulikuwa na nyongeza ya fedha kwa kila mkazi, na wilaya ziliruhusiwa kuamua jinsi ya kuzitumia. Kwangu mimi ruhusa hiyo ndiyo kiini cha mfano huu, kwani timu isiyo na mamlaka ya kuhamisha hata shilingi moja haitanufaika na mchoro wowote, hata ukichorwa kwa ustadi wa namna gani.

Hatua ya pili: nenda mahali takwimu inapozaliwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayolipa zaidi. Kabla ya kuiamini tarakimu iliyo mezani kwako, nenda ukakae na mtu aliyeiandika.

Chukua vituo vya afya. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao wengi tunauita MTUHA, unatumia vitabu vyenye namba: kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, na namba 12 cha wanaojifungua. Mistari ya vitabu hivyo hujumlishwa kwa kuchora vijiti vitano vitano katika karatasi ya majumuisho, jumla ikaandikwa kwenye fomu ya mwezi, na fomu ikaingizwa katika mfumo wa kompyuta. Kwa hiyo tarakimu moja inayoonekana kwenye skrini ya mkoani imepita katika mikono isiyopungua miwili, mara nyingine mitatu, na kila mkono unaweza kuibadilisha bila nia mbaya.

Ukifika kituoni, chagua mwezi mmoja uliopita na kiashiria kimoja tu, kwa mfano watoto waliopimwa malaria. Omba kitabu, hesabu mistari upya ukiwa pamoja na mhudumu, halafu linganisha jumla yenu na ile iliyotumwa. Zikipishana, fuatilia zilipoachana. Huenda ukurasa uliruka wakati wa kuchora vijiti, mgonjwa aliyerudi siku ya tatu akaandikwa kama mpya, au waliohudumiwa usiku wakaandikwa kwenye daftari la pembeni ambalo halikuhamishiwa kitabuni. Kisha uliza swali hili, nalo ndilo lenye thamani kuliko yote: siku ya Jumatatu, foleni inapofika nje ya baraza, unajazaje kitabu? Jibu la kweli, ambalo mara nyingi ni kwamba majina huandikwa kwenye karatasi na kuhamishwa jioni, litakueleza ubora wa takwimu zako kuliko ukaguzi wowote wa mfumo.

Usiondoke na barua ya kumtaka mtu ajieleze. Ziara ya kwanza ikizaa barua, ya pili utakuta vitabu vimelingana kikamilifu, na hutapata tena njia ya kujua kama vimelingana kwa sababu ni sahihi au kwa sababu vimelinganishwa.

Katika maji mambo ni yale yale. Upotevu wa maji hupatikana kwa kutoa maji yaliyotozwa ankara kutoka katika maji yaliyozalishwa, na kiasi kilichotozwa kinamtegemea msoma mita. Akikuta geti limefungwa au mita imekwama, ataandika makadirio. Kiongozi anayejadili asilimia ya upotevu bila kujua ni ankara ngapi kati ya mia zimetokana na makadirio anajadili kivuli. Kumbukumbu zilizonyooka, kwa upande mwingine, zina thamani hata nje ya ofisi. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya miaka 10 na yenye thamani ya Sh bilioni 53.12. Mtu anayekopesha kwa miaka kumi hataki maelezo ya jumla. Anataka kuona mapato na uzalishaji vimeandikwa kwa mfululizo na vimekaguliwa.

Hatua ya tatu: kisichomo kwenye rejesta kipimwe kwa muda mfupi

Turudi kwa yule mhudumu wa pili. Kitabu cha wagonjwa wa nje kitakuambia ni wangapi walifika na walitibiwa nini, lakini hakina saa. Huhitaji mfumo mpya. Kata karatasi ndogo, na kila mgonjwa apewe moja anapofika mapokezi, ikiwa imeandikwa saa ya kufika. Mganga aandike saa aliyomwita, maabara saa ya kupokea sampuli na saa ya kutoa majibu, na mwenye dirisha la dawa aandike saa ya kumkabidhi mgonjwa dawa zake na kuichukua karatasi. Fanya hivyo kwa wiki mbili, ukihakikisha zimo Jumatatu mbili na siku mbili za kliniki ya watoto. Karatasi zisiwe na majina.

Unapozipanga, usikimbilie wastani. Wagonjwa watatu waliosubiri majibu ya maabara kwa saa tano wanaweza kuuvuta wastani wa siku nzima, ukadhani kila mtu amekaa muda mrefu. Panga muda wote kuanzia mfupi hadi mrefu, uchukue ule wa katikati, kisha utazame pia muda ambao mmoja kati ya kila wagonjwa kumi aliuvuka. Fanya hesabu hiyo kwa kila hatua ya safari ya mgonjwa, moja moja. Hapo ndipo foleni ya chumba cha mganga, ambayo kila mtu huiona kwa sababu ina benchi, inaweza kuonekana ni fupi kuliko kusubiri kwenye dirisha la dawa, ambako watu husimama wametawanyika chini ya mti na hakuna anayewahesabu. Wiki mbili zikiisha, acha kupima. Kipimo cha muda kinachoachwa kiendelee bila sababu hugeuka kuwa rejesta nyingine ya kujazwa kwa mazoea.

Hatua ya nne: uliza "kati ya wangapi?" na "nani hayumo?"

Idadi peke yake haisemi mengi. Katika Sensa ya 2012 Jiji la Tanga lilikuwa na watu 273,332. Katika Sensa ya 2022 walikuwa 393,429, yaani ongezeko la karibu asilimia 44. Tuseme kituo kilichokuwa kikihudumia wagonjwa 1,000 kwa mwezi mwanzoni mwa kipindi hicho kimefikia 1,300 mwishoni mwake. Taarifa itasema huduma imekua kwa asilimia 30, na pengine watu watapigiwa makofi, ilhali kwa kulinganisha na idadi ya wakazi kituo hicho kinafikia sehemu ndogo zaidi ya watu kuliko zamani.

Kinyume chake pia hutokea. Ukiona taarifa ya chanjo inayosema asilimia 120 ya watoto wamefikiwa, si lazima mtu awe amepika takwimu. Idadi ya watoto wanaotarajiwa hutokana na makadirio yaliyojengwa juu ya sensa, na sensa huzeeka; zaidi ya hapo, mama wa Mkinga au Muheza aliyekuja mjini kwa ndugu zake anaweza kumchanja mwanawe hapa, akaongeza waliochanjwa bila kuongeza wanaotarajiwa. Mtakwimu wa halmashauri atakusaidia kupata makadirio mapya ya kata, na ni vizuri kumwona mapema kuliko kujitungia idadi.

Kisha waulizie wasioandikwa. Rejesta ni orodha ya waliofika. Mkazi wa Kirare au Chongoleani aliyeshindwa nauli, mzee aliyekata tamaa na foleni, na kaya iliyoacha kulipia taka kwa sababu gari halipiti mtaani kwao hawamo katika kitabu chochote. Wenyeviti wa mitaa na wajumbe wao wanawajua kwa majina. Saa moja ya mazungumzo nao, ukiwa na orodha ya mitaa mkononi na alama kwenye ile ambayo haionekani kabisa katika kitabu, inatosha kukuonyesha pengo lilipo.

Hatua ya tano: tofautisha mtikisiko wa kawaida na badiliko la kweli

Mwezi huu wagonjwa wa kuhara ni 41, mwezi uliopita walikuwa 33. Je, kuna tatizo? Kwa tarakimu mbili hakuna anayeweza kujua, na hata hivyo vikao vingi hulinganisha miezi miwili tu, mkuu wa idara akipongezwa mwezi huu na kukemewa ujao kwa jambo ambalo hakulisababisha.

Walter Shewhart, mhandisi wa viwanda vya simu nchini Marekani, alipendekeza mwaka 1924 njia ya kuchora vipimo kwa mfululizo ili kutenganisha kupanda na kushuka kwa kawaida na badiliko lenye sababu yake maalumu. Kwa kazi yetu inatosha namna yake nyepesi. Chora nukta za miezi isiyopungua kumi na miwili, na ikiwezekana ishirini na minne, kwenye karatasi moja. Pitisha mstari ulionyooka mahali ambapo nusu ya nukta ziko juu na nusu ziko chini. Nukta zikirukaruka huku na huku ya mstari, huo ni mwenendo wa kawaida, na dawa yake ni kubadilisha utaratibu mzima wa kazi. Kumfokea mtu kwa mwezi mmoja mbaya hakusaidii. Nukta nane mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari, au moja ikijitenga mbali na zote, hapo kuna jambo la kuulizia.

Pwani yetu ina misimu, hivyo linganisha masika na masika na vuli na vuli. Kuhara kunakopanda Aprili kulinganishwe na Aprili zilizopita. Ukikulinganisha na Februari utatafuta mchawi ambaye ni mvua. Jihadhari pia na idadi ndogo. Katika shule yenye watahiniwa 20, mwanafunzi mmoja ni asilimia 5, kwa hiyo kupanda au kushuka kwa asilimia 10 ni habari ya watoto wawili.

Hatua ya sita: fanya kikao kifupi kinachorudi kwenye ahadi zake

Mwaka 2000 Jiji la Baltimore nchini Marekani, chini ya meya wake Martin O'Malley, lilianzisha vikao ambavyo kila idara ilifika mbele ya uongozi kila baada ya wiki mbili kujibu maswali juu ya takwimu zake zenyewe: saa za ziada, utoro kazini, mashimo ya barabara yaliyozibwa na yasiyozibwa. Wazo lilitokana na utaratibu wa polisi wa New York ulioanza mwaka 1994. Miji mingi iliiga ukumbi na skrini kubwa, ikasahau kwamba katika misingi minne ya utaratibu ule, wa mwisho ni ufuatiliaji usiokoma.

Skrini si lazima; ufuatiliaji hauna mbadala. Kikao kiwe cha saa moja, viashiria visizidi vitano, na michoro itumwe siku mbili kabla ili asiwepo mtu wa kusomewa tarakimu. Fungua kwa maazimio ya kikao kilichopita, moja baada ya jingine: lilikuwa la nani, limefanyika, limeonekana kwenye mchoro? Ndipo muende kwenye mapya. Kila azimio liandikwe kwenye muhtasari likiwa na jina la mtu na tarehe, kwa maana azimio la "idara husika" halina mwenyewe. Mwenyekiti aulize kwanza "tumsaidieje?" kabla ya "kwa nini?", si kwa upole tu, bali kwa sababu mkuu wa idara anayeogopa kikao ataleta takwimu zitakazomvusha salama.

Baada ya kikao, nakala ya mchoro irudi kituoni ikabandikwe mahali mhudumu aliyejaza rejesta ataiona. Gharama yake ni karatasi moja na gundi, na sijaona njia nyingine ya bei hiyo inayoboresha ujazaji wa vitabu kiasi hicho.

Hatua ya saba: weka malengo, lakini uyaoanishe

Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alionya mwaka 1975 kwamba kipimo kikishatumika kudhibiti watu hupoteza uaminifu wake. Ushahidi si wa kutafuta kwa tochi. Katika shule za Atlanta, Marekani, ambako walimu na wakuu wa shule walibanwa vikali na matokeo ya mitihani, uchunguzi wa mwaka 2011 ulibaini udanganyifu katika shule 44 uliowahusisha waelimishaji 178, wakiwamo waliofuta majibu ya wanafunzi na kuandika yaliyo sahihi.

Kinga ya vitendo ni kutoliacha lengo moja likae peke yake. Ukitaka foleni ipungue, pima pia wagonjwa wanaorudi ndani ya siku saba kwa tatizo lile lile, usije ukapata waganga wanaoharakisha tu. Ukitaka makusanyo ya ushuru wa soko yapande, hesabu pia meza zilizobaki wazi. Na fungu la posho au uhamisho wa mtumishi lisifungwe moja kwa moja kwenye tarakimu ambayo mtumishi huyo huyo ndiye anayeijaza.

Hatua ya nane: linda majina ya watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia ofisi za umma, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazohitaji uangalifu wa juu. Kwa mazoea ya kila siku maana yake ni nyepesi: ukurasa wa rejesta usipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, michoro ya ubaoni isiwe na majina, na mtaa wenye wagonjwa wawili au watatu wa ugonjwa fulani uunganishwe na jirani yake kabla ya kuonyeshwa, kwa kuwa mtaani kila mtu atajua ni nani.

Hatua ya tisa: iandikie ofisi

Viongozi huhamishwa, na mara nyingi uhamisho hufika kabla mchoro haujatimiza miezi kumi na miwili. Mrithi akija na tafsiri yake ya nani ni "mgonjwa mpya" au lini taka zimehesabiwa "zimezolewa", mfululizo wote unakatika na hesabu inaanza upya. Kwa kila kiashiria andaa nusu ukurasa wenye mambo manne: kinahesabu nini hasa na hakihesabu nini, kinatoka katika kitabu gani na safu ipi, idadi ya watu inayotumika kugawanyia imetoka wapi na ya mwaka gani, na tarehe ambazo utaratibu wa kuhesabu ulibadilika. Pigia mstari tarehe hizo kwenye mchoro pia. Ambatisha na muhtasari wa vikao vitatu vya mwisho, ili maazimio ambayo hayajatekelezwa yajulikane ni ya nani. Nyaraka hizo ziingie katika taarifa ya makabidhiano pamoja na orodha ya samani na funguo, na nakala moja ibaki kwa karani wa takwimu, ambaye kwa kawaida hukaa kituoni muda mrefu kuliko wakuu wake.